Foleni ya Dirisha la Dawa

Kanuni ya jaribio ilikuwa moja, na mwalimu aliirudia mara mbili ili asije mtu akasema hakuisikia: aliyeutengeneza mchezo anyamaze. Asielekeze, asiguse, asigune. Mchezaji ataketi mbele ya kompyuta kwa dakika ishirini na kuhangaika mwenyewe. Mtengenezaji atakaa nyuma yake na daftari, aandike anachokiona.

"Na kukohoa kwa makusudi ni kuongea," mwalimu akaongeza, akimtazama Namba.

Darasa likacheka. Namba alikuwa na miaka hamsini na mbili, na wenzake kumi na wanane wote wangeweza kuwa watoto wake. Hata mwalimu alikuwa sawa kwa umri na binti yake mkubwa. Mchana Namba alikaa kwenye dirisha la kugawa namba kwa wagonjwa wa nje, kazi aliyoifanya miaka ishirini na miwili hadi watu wakasahau jina alilopewa na wazazi. Jioni alikuja chuo kikuu kusomea michezo ya kompyuta, Jumatatu nadharia, Jumatano na Ijumaa vitendo. Alitaka kutengeneza mchezo utakaomfundisha mtu njia za hospitali kabla hajaumwa, kwa sababu alikuwa amewaona wengi mno wakizunguka kwenye veranda na karatasi mkononi, wakiona haya kuuliza.

Katika nadharia hakuwa na mpinzani. Maneno ya mwalimu aliyashika kama mtu anayeshika aya, akayarudia hata akipiga mswaki. Vitendo ndivyo vilivyomtoa jasho.

Jaribio lilihitaji mchezaji ambaye hajawahi kugusa mchezo wa kompyuta maishani mwake. Wenzake walikuwa wamehangaika wiki nzima kumtafuta mtu wa namna hiyo. Namba alikuwa naye nyumbani.

Mke wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi kwa sababu ya cherehani yake, alikuja amevaa gauni la kijani alilojishonea kwa harusi ya binti yao mkubwa. Alisalimia darasa lote, akashikana mikono na mwalimu, kisha akakalia kile kiti cha kuzunguka kwa uangalifu, kama kitu cha kuazima.

"Mama, hivi vishale vinne ndiyo miguu yako," mwalimu akamwelekeza. "Kitufe hiki kirefu ni mkono wako. Ukitaka kugusa kitu, unakibonyeza. Zaidi ya hapo sikuambii, na baba huyu naye haruhusiwi kukuambia."

"Hataweza," Fundi akasema. "Huyu hata usingizini anaelekeza watu."

Kwenye skrini akatokea mwanamke mwenye mtoto mgongoni, na chini yake maandishi: Mtoto ana homa. Dirisha la dawa linafungwa saa kumi. Pembeni palikuwa na saa ndogo inayotembea. Fundi aliyasoma yote kwa sauti, akaweka vidole kwenye vishale, akaanza safari. Akagonga ukuta mara mbili, akauomba ukuta radhi, akapata mlango. Akachukua kadi. Akamwona daktari, akapewa karatasi. Kila alipotaka yule mwanamke aharakishe, mguu wake wa kulia ulikanyaga sakafu juu chini, juu chini, kana kwamba pedali ya cherehani iko pale. Namba aliuona mguu ule, akatabasamu. Akaandika: Anaenda vizuri.

Kisha Fundi akafika kwenye dirisha la dawa. Mbele ya dirisha walisimama watu saba. Akamsimamisha mwanamke wake nyuma ya mtu wa saba, akaondoa mikono kwenye vitufe, akaiweka mapajani. Mguu ukatulia.

Dakika ya tisa ikapita, ya kumi ikapita. Kwenye skrini hakuna aliyesogea isipokuwa saa.

Namba alianza kutokwa jasho. Wale watu saba walikuwa picha tu. Aliwachora ili hospitali ifanane na hospitali. Mchezaji alipaswa kuwapita kama anayepita kwenye moshi, afike dirishani, abonyeze, apewe dawa. Wenzake wote walioujaribu mchezo walifanya hivyo bila kuwaza. Akakohoa.

"Baba," mwalimu akasema.

Dakika ya kumi na tano akakohoa tena, kikohozi kirefu chenye mwelekeo kabisa. Mwalimu akamwonyesha mlango. Namba akamalizia jaribio lake akichungulia kwenye kioo cha mlango kama mwanafunzi aliyechelewa, akimtazama mkewe anavyongoja, mgongo wima, mkoba miguuni. Mwishoni skrini ikawa nyeusi na maandishi yakajitokeza: Umechelewa. Dirisha limefungwa.

Fundi akageuka. "Mbona zamu yangu ilikuwa bado?"

Hapo kicheko kikapasuka. Hakikuwa cha ubaya, ila kilikuwa kikubwa. Kijana mmoja aliyeitwa Miwani akajifuta macho, akasema, "Mama, hao ni mapambo tu. Unawapita."

"Nawapitaje na wametangulia?"

Wakacheka zaidi. Fundi akachukua mkoba wake, akawaaga kwa adabu ileile aliyowasalimia nayo, akatoka. Namba aliona mikono yake ikihangaika kufunga mkoba ambao ulikuwa umefungwa tayari.

Mwalimu akambakiza Namba. "Mchezo haujafaulu. Na usimlaumu mchezaji."

"Simlaumu, mwalimu."

"Ijumaa ijayo utarudia, na mchezaji awe yuleyule. Lazima tuone kama mabadiliko yako yamemsaidia aliyekwama. Ukikosa hapo, somo la vitendo utalirudia mwakani."

Mwakani haikuwepo. Mkuu wa hospitali alikuwa amemruhusu kutoka kazini mapema kwa mwaka mmoja tu, tena kwa barua iliyosema hivyo mara mbili. Namba akaitikia kwa kichwa.

*

Nyumbani walirudi kwa miguu, Fundi mbele, mumewe hatua tatu nyuma. Kitinda, binti yao wa mwisho, alikuwa amekwisha kupakua chakula.

"Enhe, mama, chuo umekionaje?"

"Muulize baba yako. Mimi nilikuwa nimesimama."

Namba alivua viatu polepole kuliko ilivyohitajika. "Mke wangu, umekwenda vizuri sana. Tatizo lilikuwa pale mwisho tu. Sasa Ijumaa ijayo..."

"Siendi."

"Ni dakika ishirini tu."

"Dakika ishirini zangu nimeshazimaliza. Hebu nikuulize. Miaka ishirini na miwili unawafokea watu wa watu wapange foleni. Kama si wewe, ni ndugu yako?"

"Ni mimi."

"Leo mkeo amepanga foleni, amechekwa mbele ya watoto. Mwenye kosa ni nani?"

Kitinda akaweka kijiko chini. "Baba, hapo umeshikwa."

"Wewe kula."

"Nakula. Lakini umeshikwa."

Walikuwa na desturi ya kusali pamoja kila alfajiri kabla ya kila mmoja kushika kazi yake, na ugomvi wowote haukuwahi kuivunja. Kesho yake walipiga magoti kama kawaida kando ya meza ya kupigia pasi. Zamu ya kuomba ilikuwa ya Fundi. Aliombea wagonjwa, akaombea binti mkubwa na mumewe, akaombea mtihani wa Kitinda. Kisha akasema, kwa sauti ileile tulivu, "Na baba wa nyumba hii, Mungu wangu, umpe macho ya kuona alipokosea, maana mdomo ulishampa wa kutosha."

"Amina," Kitinda akasema haraka.

Namba naye akasema amina. Hakuwa mtu wa kukataa sala kwa sababu imemgusa.

*

Jumatatu iliyofuata dirisha lake lilikuwa na watu tangu kabla hajalifungua. Aligawa namba kama siku zote, kadi ya plastiki moja kwa mkono mmoja, na sauti yake ikitangulia mbele yake: "Mstari mmoja. Kila mtu na namba yake."

Lakini macho yalikuwa yameombewa, na siku hiyo yaliona. Aliona kwamba foleni haikuwa mstari. Mzee mmoja alikuwa ameacha kofia yake kwenye benchi ili imshikie nafasi, akaenda kunywa maji, na hakuna aliyethubutu kuikalia ile kofia. Wanawake wawili ambao hawakujuana saa moja iliyopita walikuwa wanabishana kuhusu mawifi zao kama marafiki wa siku nyingi. Kijana mwenye bandeji mkononi alimgusa bega mama mjamzito, wakabadilishana kadi, yeye akaenda nyuma. Hawakumuuliza Namba.

Siku nyingine angegonga kioo. Kwake, huko kubadilishana kadi kulikuwa fujo. Mkono ulikwisha kunyanyuka ndipo maneno ya mwalimu ya somo la nadharia yakamjia, maneno aliyokuwa ameyaandika kwa wino mwekundu na kuyasema barabarani akienda kazini: Kila unachokiweka mbele ya mchezaji ni ahadi. Usichore mlango usiofunguka.

Alikuwa ameyajibu katika mtihani, akapata alama zote. Kisha akaenda kuchora watu saba wasiogeuka.

Akaushusha mkono. Mgonjwa aliyekuwa dirishani akamuuliza, "Mzee, mbona unanitazama hivyo? Hali yangu ni mbaya kiasi hicho?"

"Hapana, dada. Hali mbaya ni yangu. Shika, namba kumi na nne."

*

Jumanne alasiri alirudi mapema. Fundi alikuwa kwenye cherehani na rundo la sare za shule, akishona kola. Namba akaiweka kompyuta aliyoazima kwa Kitinda kwenye meza ya kupigia pasi, akakaa. Akafungua mchezo wake. Akaufunga. Akaufungua tena.

"Kama unataka kunibembeleza, anza," Fundi akasema bila kuinua kichwa. "Usinizungukie kama nzi."

"Sikubembelezi. Nataka kukuuliza kitu kimoja, halafu ninyamaze."

"Hilo la kunyamaza nitaliamini nikiliona."

"Pale kwenye foleni, dakika zote zile. Ulikuwa unangoja nini?"

Mguu wa Fundi ukaendelea kukanyaga pedali hadi mwisho wa mshono. Kisha ukasimama. Akakata uzi.

"Binti yetu mkubwa alipokuwa na miaka mitatu," akasema, "nilimleta hospitalini kwako. Homa ilikuwa imempanda hadi macho yamegeuka. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Nilifika dirishani kwako. Ukanipa namba sitini na moja."

Namba akafunga kifuniko cha kompyuta.

"Hukuinua macho," mkewe akasema.

"Watu walikuwa wananitazama. Walijua wewe ni mke wangu. Ningekupa namba ya mbele, wangesema..."

"Najua wangesema nini, na sikukulaumu. Ungenipendelea ningeona haya mbele za watu. Sikutaka namba ya mbele." Akaikunjua kola kwenye kidole gumba, akaikunja tena. "Nilitaka ugeuke tu, uniulize mtoto anaendeleaje. Nikaenda kusimama nyuma ya watu sitini, na wote walikuwa migongo. Mpaka mwanamke mmoja mwenye kilemba chekundu akageuka. Alikuwa na namba tisa. Akamshika mtoto shingoni kwa mgongo wa kiganja, akanipa kadi yake, akachukua ya kwangu. Hakusema hata neno. Tulipopata dawa nikarudi kumshukuru, sikumkuta. Sijui kama siku ile hata alihudumiwa."

Cherehani ilikuwa imetulia kabisa. Nje mtu alikuwa anaburuta ndoo.

"Kwa hiyo umeniuliza nilikuwa nangoja nini," Fundi akasema. "Sikutaka kupita katikati ya watu wako. Nilikuwa nangoja mmoja ageuke."

Namba aliyekuwa na neno kwa kila mtu alitafuta neno, na yote aliyoyapata yalikuwa ya kujitetea. Akayaacha. Akainuka, akavuta kigoda hadi karibu na cherehani, akakaa chini yake kidogo, kama mtu aliyekuja kupimwa.

"Nilikuona," akasema. "Nilijua ni wewe kwa sauti ya mtoto. Ndiyo maana sikuinua macho. Nisamehe, mama watoto. Nimechelewa miaka mingi."

"Umechelewa," Fundi akakubali. Akamwekea kola mapajani. "Nishikie hapo. Vuta, usinyonge."

Alishika kola tisa. Hakumtajia Ijumaa, naye mkewe hakuiuliza.

*

Siku zilizobaki alifanya kazi kabla ya alfajiri na baada ya darasa, akiandika maagizo ya kompyuta mstari kwa mstari kwa vidole viwili. Kitinda alimkagulia. Mara tatu mchezo uligoma kabisa, na mara moja watu wote saba waligeuka pamoja na kumkodolea macho mchezaji hadi Kitinda akapiga ukelele.

"Baba, hiyo sasa ni filamu ya kutisha."

"Subiri. Bado nawafundisha adabu."

Ijumaa alitoka nyumbani peke yake. Fundi alikuwa anaweka vifungo kwenye sare za mwisho na hakusema chochote isipokuwa, "Nenda na Mungu." Chuoni wenzake wanne walirudia majaribio yao, wakafaulu watatu. Mwalimu akasoma jina lake. Kiti cha mchezaji kilikuwa kitupu.

"Baba, yupo?"

"Sijui, mwalimu."

"Nitakupa dakika tano."

Namba alikaa akiwa amefumba macho. Miwani alidhani amesinzia, lakini alikuwa anasali, na sala yenyewe ilikuwa fupi: akija nishukuru, asipokuja nisimnunie. Dakika ya nne mlango ukafunguliwa. Fundi aliingia akihema, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, nyuzi za bluu zimemganda kwenye sketi. Kitinda alikuwa nyuma yake amebeba mkoba.

"Nimekuja kuona kama amejifunza kunyamaza," akamwambia mwalimu.

Safari hii mwalimu hakutaka kubahatisha. Alimkalisha Namba upande wa pili wa meza, nyuma ya kompyuta, mahali ambapo hakuweza kuiona skrini wala uso wa mkewe. Alichoweza kukiona kilikuwa chini ya meza: viatu viwili vyeusi, kimoja kimelika kisigino kwa kukanyaga pedali.

Saa ikaanza.

Mguu wa kulia ukakanyaga. Juu chini, juu chini. Amepata mlango. Ukapumzika, ukakanyaga tena. Amepata kadi. Namba aliandika bila kuona chochote kingine, na hakuna mtu darasani aliyekuwa anasoma mchezo wake vizuri kuliko yeye. Anamwona daktari. Ameshika karatasi. Anakwenda kwenye dirisha la dawa.

Mguu ukasimama.

Namba akaziba mdomo kwa kiganja. Alijua kilichokuwepo kwenye skrini: watu saba, na foleni inayosogea sasa, lakini polepole kuliko saa. Anayengoja tu atachelewa. Dakika moja ikapita, ikafuata ya pili. Miwani alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Fundi, naye hakuwa anacheka.

"Samahani, ndugu," Fundi akasema.

Watu wakatazamana. Alikuwa anaongea na skrini. Kitufe kirefu kikasikika kikibonyezwa.

"Anasema na yeye ametoka mbali," Fundi akasoma. "Haya, ni kweli. Samahani, mzee. Huyu hasikii vizuri. Mungu amsaidie. Samahani, dada." Kitufe. "Amegeuka," Fundi akasema, kwa sauti ndogo. "Ana kilemba chekundu."

Mguu ukaanza kukanyaga.

Ulikanyaga mpaka dirishani. Kengele ndogo ililia ndani ya kompyuta, ile ambayo Namba aliitengeneza kwa kugonga glasi na kijiko, na darasa likapiga makofi. Dakika ya kumi na saba. Mwalimu akanyanyua mkono kusimamisha saa.

"Bado," Fundi akasema. "Sijamaliza."

"Mama, umemaliza. Dawa umepata."

"Narudi nyuma kidogo."

Mguu ukakanyaga taratibu. Namba, nyuma ya kompyuta, akaelewa anakokwenda mkewe. Yule mwanamke wa kilemba chekundu alikuwa bado amesimama mwisho wa foleni, mahali alipohamia baada ya kubadilishana nafasi. Baada ya hapo Namba hakuwa amempa kitu kingine cha kufanya. Hakumpa hata neno moja.

Kitufe kikabonyezwa. Kikabonyezwa tena.

"Mbona hageuki?" Fundi akauliza.

Zilibaki dakika mbili. Namba alikuwa na jibu, tena refu, na neno lake moja tu lingetosha kuvunja kanuni. Akauma kiganja. Viatu vyeusi vilitulia chini ya meza, vikingoja, hadi saa ikalia.

"Umefaulu, baba," mwalimu akasema. "Mchezaji amepita mwenyewe. Na hukukohoa."

Wenzake wakamjia wakampiga piga mgongo, Kitinda akamkumbatia kwa nyuma. Namba akazunguka meza. Mkewe alikuwa bado amekaa, mkono kwenye kitufe.

"Nilisahau kumfanya ageuke mara ya pili," akamwambia.

"Umesahau."

"Nitamtengeneza nyumbani."

"Mimi nangoja," Fundi akasema, na hakuinuka.

Namba akamtazama mwalimu. Mwalimu akatazama saa ya ukutani, kisha akavuta kiti kingine, akakiweka kando ya Fundi. Namba akaketi, akaivuta kibodi kwake, akaanza kuandika kwa vidole viwili. Miwani akamwonyesha mahali alipokuwa amesahau kuweka nukta. Ilichukua dakika kumi na nne, na Fundi alingoja mikono ikiwa mapajani, mgongo wima. Hakuna aliyecheka.

Kisha akarudishiwa vishale. Akamtembeza mwanamke wake mpaka mwisho wa foleni, akabonyeza. Kilemba chekundu kikageuka.

"Asante, dada," Fundi akasema, kama mtu anayeongea na jirani kwenye uzio. Akachukua mkoba wake kwa Kitinda, akampa mumewe futi amshikie, wakaenda nyumbani.